Kisemeo cha Shingoni

Mjukuu wangu, ni lini mara ya mwisho uliposema neno kabla kisemeo hakijakusemea? Mimi nakuandikia kwa mkono ili maneno yawe yangu.

Filamu za zamani zilitudanganya kwamba mashine zitakuja zikitoa moto machoni. Babu yako Mbaraka alicheka tulipovishwa hivi vya shingoni: "Hiki hakiwezi hata kuinua kikombe, ndicho kitakachoteka dunia?" Na kweli kina adabu. Kinakisia unachotaka kusema, kinakisema kwa sauti yako, nawe unapumzisha mdomo.

Jana asubuhi babu yako alijimwagia uji wa ulezi, kisemeo chake kikazimika. Akabaki kunitazama, midomo ikimcheza.

"Usijali, fundi anakuja," sauti yangu ikamwambia. Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo.

Akanishika mkono. Maneno yalimtoka kwa shida, yakikwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta.

"Mama Zubeda, nimekuwa nikitaka kukusikia wewe."

Nikafungua mdomo nimjibu. Kisemeo changu kikaniwahi: "Si ndimi huyu, mume wangu?"