Matairi ya Mbele ya Kigari cha Aliko

Kigari kilikataa tena kukata kona. Kilipita moja kwa moja kama mlevi aliyeitwa na mkewe, kikajikita kwenye mgomba, magurudumu yakizunguka bure. Mzee Nsajigwa alikivuta kwa mwanzi mrefu, akakilaza mapajani, akaanza kufungua nati za magurudumu ya mbele.

Ng'ambo ya ua, katika nyumba ya pili, mkwewe Naomi alikuwa akitapika tena.

Kuhara na kutapika kulimwanza alfajiri, naye ni mjamzito. Kijiji kizima cha Ndandalo kilikuwa mabondeni kikivuna mpunga. Mumewe, Aliko, alikuwa mpakani Kasumulu na malori ya Malawi. Mama mkwe alikuwa msibani Mwaya. Mzee alikuwa ameita watu mpaka sauti ikamkauka, na mguu wake uliovimba usingemfikisha barabarani.

Mlangoni kwa Naomi ungemfikisha. Lakini kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani. Tangu Naomi aolewe, mzee alimjua kwa kikohozi na mlio wa kandambili tu. Mmoja akipita uani, mwingine hujificha. Vijana wa mjini wanauita huo ushamba. Mzee aliuita heshima, na siku ile heshima ilimfunga kuliko mguu uliovimba.

"Nimekuwa mtu wa kufaa nini," alijisemea.

Mfa maji hukamata maji. Kilichokuwa karibu ni kigari cha rimoti, ambacho Aliko alikinunua dukani kwa Abasi, Kyela mjini. Tangu biashara iachiwe huru, duka lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta. Aliko alisema ni cha mtoto atakayezaliwa, kisha akawa anakichezea mwenyewe. Ndani ya boksi kulikuwa na magurudumu ya mbele ya akiba ya namna mbili, na hapo mzee alikuwa kwenye fani yake. Alikuwa dereva wa lori la ushirika zamani. Alijua kwamba injini husukuma tu, bali kona hukatwa na matairi ya mbele.

Juu ya kigari alifunga kikombe kirefu cha bati kwa mpira wa tyubu, akakijaza maji ya chumvi na sukari, kama walivyofundishwa zahanati. Njia ilikuwa nyoofu hadi jikoni, halafu kona kali nyuma ya jiko, halafu mlango wa Naomi. Nyuma ya jiko mzee hakuona kitu. Huko aliendesha kwa masikio.

Matairi ya kwanza yalikuwa laini, ndiyo yaliyoteleza juu ya vumbi hadi mgombani. Akafunga yale membamba yenye mistari. Usukani ulisikia kidogo, lakini kona ikawa pana mno, na kigari kikaenda kugonga ukuta wa jiko. Yakabaki yenye meno, juu ya rimu pana. Nati ikaanguka vumbini, akaipapasa huku akimsikia Naomi akigumia. Alilia, mzee mzima, bila kujificha.

Matairi ya meno hayakuwa na mzaha. Kigari kilipofika konani aligusa usukani, nacho kikajipinda papo hapo. Nyuma ya jiko alisikia kishindo kidogo, kisha magurudumu yakashika njia tena, kisha ubao wa mlango ukagongwa.

Mlango ulilia. Baada ya kitambo, kata iligonga ubavu wa mtungi. Naomi alikigeuza kigari, akabisha mlango kumpa ishara, na mzee akakirudisha kwa njia ileile. Kikombe kilikuwa kitupu, kimelowa ndani.

"Amekunywa," mzee alisema. "Na kikombe amekisuuza."

Moyo ulimtulia kidogo. Msichana huyu alilelewa vizuri. Hata akiwa mahututi hamrudishii baba mkwe kikombe kichafu. Mzee akakijaza tena, akakituma tena.

Kila safari kikombe kilirudi kitupu, na kila safari mzee aliyasifu matairi yale. Bata waliyaacha maji ya kuoshea vyombo, wakajazana nyuma ya jiko, naye akawa anawatisha kwa mwanzi wasizibe njia. Lakini mlango ulizidi kuchelewa kufunguka. Kata nayo haikugonga ubavu tena, ilikwaruza chini. Sauti ya Naomi ilififia. Mzee hakuelewa kwa nini mtu anayekunywa hivi hapati nafuu. Alijaza, akatuma, akangoja, maana hakuwa na lingine la kufanya.

Jua lilipopoa, jirani yao mama Anyisile alipita akitoka kuvuna, mzigo wa mpunga kichwani. Mzee alimwita kwa sauti iliyobaki. Mama akautua mzigo, akaingia kwa Naomi, na alipotoka alikuja kusimama mbele ya mzee, kitenge amekikaza kiunoni.

"Yu hai?" mzee aliuliza.

"Yu hai, tata. Nakimbia kutafuta mwenye baiskeli tumpeleke zahanati. Lakini amekauka, hata machozi hana."

"Atakaukaje, nami nimemnywesha mchana kutwa?"

Mama Anyisile alikitazama kigari, akayatazama matope ya konani nyuma ya jiko yaliyomshika miguuni, akamtazama mzee.

"Anakuomba radhi, tata. Anasema kila ulipomtumia kikombe kitupu alikijaza, mwenyewe hakujibakizia hata funda moja. Sasa mtungi umekwisha, na kama bado una kiu, umvumilie mpaka apate nguvu za kwenda mtoni."