Puli Iliyokataa Kukazika

Kwa mara nyingine Shiundu alijilaza chini ya pua ya gari, akaishika puli kubwa ya injini na kuitikisa. Ilicheza. Puli ikicheza, mkanda huteleza. Mkanda ukiteleza, betri haipati chaji, na gari linaweza kuzima katikati ya barabara. Gari la namna hiyo halimbebi mzazi aliyetoka kujifungua.

Na Muhonja, mkewe, hakutaka jingine. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, lililoinama kama kobe, na wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya matofali. Shiundu alilifufua kwa mikono yake, papo hapo mbele ya ploti yao Dandora. "Nikitoka wodini na mtoto, usinipakie kwenye teksi," Muhonja alimwambia. "Nataka majirani wausikie mngurumo." Mtoto wa kike alikuwa amezaliwa jana yake jioni.

Ng'ambo ya uchochoro mwiko uligonga sufuria. Mama Asenath, mamake Muhonja, alikuwa amesafiri kutoka Vihiga kuja kumpokea mjukuu. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawaketi chini ya paa moja wala hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo alipewa chumba kwa jirani, Nasike, na maneno yake yote yalipitia kinywani mwa Nasike. Hata safari ya hospitali ilikuwa imepangwa hivyo: gari likipona, Mbuthia wa ploti ya pili angeliendesha na mama mkwe akiwa kando yake, naye Shiundu angefuata kwa pikipiki.

"Nasike, mwambie mkwe wangu uji wa mzazi umeiva. Gari limepona?"

"Shemeji, umesikia?" Nasike aliita kutoka mlangoni. Hakumtazama usoni.

"Mwambie mama bado kidogo."

"Anasema bado kidogo, mama."

"Basi mwambie mimi nilizaa pacha kwa muda mfupi kuliko huo wa kukaza boliti moja!"

Nasike alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa leso. Akaingia ndani upesi.

Shiundu alitia gia ili injini isizunguke, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akavuta kwa uzito wa mwili wote. Boliti ililia, ikatulia. Alibaki akiitazama. Mikono ilikuwa ikifanya kazi yenyewe, kama ya mtu mwingine. Chai aliyoletewa aliinywa yote bila kujua kama ilitiwa sukari.

Mbuthia alifika, mikono mfukoni. Siku nyingine zote gari hilo aliliita sufuria lenye magurudumu.

"Niaje, Shiundu. Nisaidie simu yako kidogo, yangu imezima."

Shiundu alimpa. Mbuthia aliitia mfukoni bila kumpigia mtu yeyote.

"Ndinga safi hii, buda," alisema. "Lakini usikimbizane nayo. Injini haitaki pupa."

"Sikimbizani nayo."

"Basi vizuri. Polepole tu."

Baadaye mama aliuliza tena, na puli ilikuwa bado inacheza. Wanawake wa kanisa walianza kuja mmoja mmoja, wamejifunga leso. Walimwamkia Shiundu kwa sauti za chini, wakapita kwenda kwa Mbuthia. Viti vya plastiki vilitolewa nje. Mtu alifagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiliwa. Shiundu alirudi chini ya gari na spana yake, na kila aliyepita aliiona miguu yake tu, ikiwa imenyooka juu ya gunia.

"Masikini," mmoja alinong'ona. "Mwacheni hivyo hivyo hadi wazee wafike."

Jua lilikuwa limeanza kupinda Mzee Patrobas, baba mdogo wa Shiundu, alipowasili kutoka Kayole pamoja na mchungaji. Mzee aliinama, akamgusa goti.

"Toka huko, mwanangu. Njoo uketi."

Shiundu alitoka, akaketi kwenye kiti alichoonyeshwa. Mbuthia alisimama nyuma yake, tayari kumshika. Mzee alivua kofia.

"Mtoto ni mzima," alianza. Kisha akaizungusha kofia mikononi, akilitafuta neno la pili.

Shiundu aliipangusa grisi vidoleni, kimoja baada ya kingine.

"Najua kuhusu Muhonja, baba mdogo. Hospitali walinipigia mimi kwanza, alfajiri."

Mbuthia aliitoa ile simu mfukoni, akaikodolea macho.

"Sasa mchana kutwa ulikuwa unakaza nini?" aliuliza.

"Nilikuwa nikilegeza. Mama bado hajui."

Ng'ambo ya uchochoro mlango ulifunguliwa. Mama Asenath alitoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aliviona viti, akawaona wageni waliojaa, akatabasamu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari na kushika kitasa cha mlango.

"Nasike, mwambie mkwe wangu nimechoka kungoja. Hata kama ni bovu, twende hivyo hivyo."