Bangili ya Maumivu

Kwa kuwa wanyama hawasemi, kila daktari wao alitakiwa kuvaa kwa wiki nzima bangili iliyomfikishia maumivu na hofu ya mnyama aliyemgusa. Vinginevyo leseni yake haikuhuishwa. Dokta Tunu alirudi nyumbani na bangili yake mkononi, akampapasa paka aliyelala mapajani mwa mama yake, Bi Msimu. Alisikia utulivu mtupu, akafurahi.

“Shikamoo, mama. Umeshindaje?”

“Marahaba. Salama tu, mwanangu, sina neno.”

Tunu akaushika mkono wa mama yake aubusu, kama ilivyokuwa desturi yao. Maumivu yakampanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno, akapiga magoti.

“Tangu lini, mama?”

Bi Msimu akauvuta mkono wake taratibu.

“Hiyo ni ya wanyama,” alisema. “Ivue, tule.”