Mchango wa Mheshimiwa Wabwile

"Geuza ukurasa," Mheshimiwa Wabwile aliliambia Bunge, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba barabara. Kisha akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.

Hayo yalitokea mwaka jana, na Mwalimu Levi bado anayasimulia. Angeachaje? Ni yeye aliyeandika maneno hayo chini ya karatasi, akidhani hata ng'ombe angeelewa. Sokoni Myanga watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mheshimiwa mwenyewe hakujua wanacheka nini.

Kila mchango aliowahi kutoa bungeni uliandikwa na Levi. Mbunge huyu haandiki, na akiandikiwa hasomi mpaka asimame mbele ya Spika. Bungoma haonekani. Ukimtaka, panda uende Kitale kwenye hoteli yake, utamkuta anatafuna nyama choma na asubuhi haijaisha. Levi humpelekea hotuba huko huko, naye huikunja kwa vidole vya mafuta na kuitia mfukoni.

"Umetia sahihi?" huuliza kila mara, akimcheka.

Maana Levi naye! Hawezi kuandika kitu asikitie sahihi. Hata ule ubao wa mbwa mkali kwenye lango lake una majina yake yote matatu, na mkia mrefu chini yake. Majivuno tu.

"Kichwa maji," Levi humtukana Mheshimiwa akiwa njiani kurudi. "Yaani mimi nakula vumbi la chaki, na hilo jitu liko bungeni kwa maneno yangu!"

Kiti kile alikitaka yeye. Mabango ya kampeni yalikuwa tayari chini ya kitanda, picha yake ikiwa imevaa tai ya kuazima. Kilichobaki ni kummaliza Wabwile, na dawa ya kummaliza alikuwa nayo.

Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanja kilichotengewa zahanati. Siku moja kikazungushiwa seng'enge, kikapandwa miwa, na mwenye miwa hajulikani. Levi alimjua. Wabwile ndiye aliyemtuma asimamie vijana wakichimbia nguzo. Watu walipouliza, Levi aliwafukuza kwa mdomo mkali, ati hayo ni mambo ya serikali, waende nyumbani.

Nangila, mama mwenye hoteli ya chai pale sokoni, alimpoteza mjukuu njiani akimkimbiza hospitali Bungoma. Zahanati ingekuwepo, mtoto angepona.

"Siku nitakayomjua aliyeweka hiyo seng'enge," alikuwa akisema, "bana, hata akiwa askofu, atanitambua."

Basi Mswada wa afya ulipofika bungeni, Levi aliketi akaandika. Mwanzoni aliweka habari za malaria, kama kawaida. Katikati akaweka haya: "Mheshimiwa Spika, kiwanja cha zahanati nyuma ya soko la Myanga nilikinyakua mimi. Miwa ile ni yangu. Naomba wananchi wanisamehe." Akayarudia kwa sauti, akacheka peke yake. Alipomaliza ukurasa wa mwisho akatia sahihi, kwa mazoea.

Siku ya mjadala aliwaita watu hotelini kwa Nangila, mbele ya televisheni. Alikuja na ile tai.

"Leo mumsikilize vizuri," aliwaambia, akiagiza chai ya wote. "Mbunge wenu ana neno."

"Si atalala tu?" akasema Nyongesa wa bodaboda, na hoteli ikacheka.

Hakulala. Alisimama, akavaa miwani, akaanza. Barabara ikawa balabala, malaria ikawa maralia. Ungemwona tu ungejua mdomo uko Nairobi na akili iko Kitale kwenye nyama. Akafika katikati, akasoma vile vile, bila kupunguza mwendo: kiwanja nilikinyakua mimi, miwa ile ni yangu, naomba wananchi wanisamehe.

Nangila akaweka birika chini.

"Amesema nini?"

"Mmemsikia!" Levi alikuwa amepanda juu ya benchi. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Sijamsingizia mimi!"

Bungeni kulikuwa na kelele. Mbunge mmoja mwanamke akasimama. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika! Mwenzetu anakiri wizi?"

Wabwile aliitazama ile karatasi. Huenda ndiyo mara ya kwanza alipopata kuitazama karatasi yoyote ya Levi.

"Mimi sijakiri kitu," akasema. "Nasoma tu maneno ya mtu."

"Mheshimiwa," Spika akamjibu, "humu ndani maneno ya mtu hayasomwi hivi hivi. Karatasi iwekwe mezani, na iwe na sahihi ya mwenyewe. Kama haina sahihi, maneno ni yako."

Watu hotelini wakapiga meza kwa furaha. Amekwisha! Nyongesa akamgeukia Levi ampe mkono, akamkuta anashuka kwenye benchi polepole, tai imemkaa begani.

Kwenye televisheni Wabwile akageuza ukurasa, safari hii bila kuandikiwa.

"Sahihi iko, Mheshimiwa Spika," akasema, na hakukwama popote. "Mwalimu Levi Wanjala Kizito, wa Myanga."

Nangila akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani.

"Mwalimu," akasema, "si ni wewe ulisimamia zile nguzo?"