Msamaha Uliofika kwa Fundi Fremu

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, mke wa fundi fremu alifia gerezani, na wakubwa wakasema ombi lake la msamaha halikuwa limejibiwa.

Miaka ishirini baadaye, mteja anayekusanya barua za msamaha zilizosainiwa na marais alimletea nyingine aitilie kioo.

"Hii lulu, mzee. Wino wenyewe wa rais! Usiiguse kwa mikono ya gundi."

Fundi hakusoma sana, ila jina la mkewe alilijua herufi kwa herufi. Akalipitishia kidole. Chini kulikuwa na saini ya bluu, mkia wake mrefu kama wa mtu asiye na haraka, na tarehe: tatu Juni.

Akaikunja barua mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"We mzee, umerukwa na akili? Hiyo mali yangu!"

"Yako fremu, baba. Ile pale, ichukue. Huyu ni mke wangu."

"Naita polisi!"

"Waite, na wakubwa wao waje." Fundi akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango. "Wanijibu, siku kumi na moja nzima barua hii ilikaa mezani kwa nani?"