Aliyesomea Hapahapa

"Shahada zote tatu umezichukua hapahapa Malang," mkuu wa kitivo alisema. "Hujawahi hata kuchungulia nje?"

"Nimevuka daraja mpaka kisiwa cha Madura, Bwana Mkuu," Palupi alijibu, na jopo zima la usaili wa uhadhiri likacheka.

Yeye hakucheka. Mwakani umri wake ungepita kikomo cha kuajiriwa serikalini, na mshindani wake alikuwa ametua juzi kutoka Uholanzi na shahada yake ya uzamivu.

"Basi tumuulize aliyemfundisha," mkuu alisema. "Profesa, huyu anatosha?"

Palupi akashusha pumzi. Profesa ndiye aliyemsimamia miaka yote ya utafiti wake wa udongo wa volkano, na ndiye aliyemkataza kwenda ng'ambo, akisema elimu ni ileile.

Profesa alikuwa akimenya lemper, kitafunio cha wali wa kunata. Alilibandua jani la mgomba polepole, akaokota punje ya wali iliyomnata kidoleni, akaitazama.

"Ni binti mchapakazi sana," alisema mwishowe. "Lakini chuo nacho kinataka jina. Mchukueni wa Uholanzi."

"Asante kwa kuja, Bi Palupi," mkuu alisema.

Palupi alimgeukia mwalimu wake, na sauti ikamtoka nyembamba, kama ya mgonjwa anayeomba maji.

"Prof, wale wanafunzi unaowasimamia sasa wako pale mlangoni wananisubiri. Nikitoka niwaambie nini?"

Profesa alilikunja jani la mgomba. Mkuu akaita anayefuata. Palupi hakunyanyuka.