Jiwe la Kilo Mbili

Zamda hakuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka mwanawe aliyezaliwa njiti afikishe kilo mbili, na leo tena mizani ya wodi ilikuwa imemnyima.

Bwana Mshihiri, fundi wa maabara ya vipimo, alikuja kuihakiki. Alivaa glovu, akalitoa jiwe lake la kupimia la kilo mbili ndani ya kitambaa laini.

"Mbona unalibeba kama kichanga?" Zamda akamtania.

"Hata jasho la kidole huliongezea uzito, mama."

Akaliweka taratibu kwenye sahani ya mizani. Sindano ikasimama kabla ya mbili. Nesi akashika mdomo.

Fundi akairekebisha mizani mpaka ikalisoma jiwe sawasawa. Kisha akatandika kile kitambaa kwenye sahani baridi, akairudisha sindano kwenye sifuri.

"Sasa mlete mwenzake."

Zamda akamlaza mwanawe. Sindano ikaanza kupanda.